Uzi: Watoto wangu na daftari la miti ya uani, kaskazi hadi kaskazi

MamaWawili (Kisauni), 9 Januari

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Nina watoto wawili, msichana wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita na nusu (hiyo nusu mwenyewe haachi kuitaja). Likizo ya Disemba nilichoka kuwaona wameinamia simu yangu, nikawanunulia daftari kila mmoja. Nikawaambia, huko uani kuna miti minne, kila mtu achague miwili yake, aitazame mwaka mzima, aandike anachokiona. Mkubwa akachukua mwembe na mkungu. Mdogo akachukua mnazi kwa sababu ndio mrefu, na muarobaini kwa sababu ndio uliobaki.

Nikaingia intaneti kutafuta mfano. Nikapata karatasi nzuri mno, imechorwa mti mmoja mara nne: hapa una maua, hapa majani mabichi, hapa majani mekundu yanaanguka, hapa umebaki vijiti vitupu na theluji juu. Mtoto apake rangi kila msimu ukifika. Nikaenda saiba zikachapishwa, nikarudi nyumbani najiona mama wa maana.

Mkubwa akatoka nayo uani, akakaa kidogo, akarudi. "Mama, mkungu wetu una majani mekundu, na majani mapya, na maua. Leo hii. Nipake mti upi?"

Nikatoka naye. Wallahi ni kweli. Matawi ya chini mekundu kama kanga mpya, juu kumeshachipua, na vishuke vya maua vimetokeza. Misimu mitatu ya karatasi ile katika mti mmoja, saa nne ya asubuhi. Na mnazi wa mdogo hauna msimu hata mmoja.

Sasa wenzangu, mnaniambiaje? Watoto wa Mombasa wagawe mwaka vipi? Na huyu wa miaka sita nitamshikaje asichoke kabla ya Machi?

Yakhe_Makadara, 9 Januari

Theluji Kisauni! Mimi joto hili la kaskazi limenitoa kitandani, nalala sakafuni kama paka. Karatasi hizo fungia viazi karai, dadangu.

TichaLikoni, 10 Januari

Mama Wawili, hongera. Nafundisha gredi ya tano na niliwahi kufanya jambo hili na darasa zima, muarobaini mmoja na watoto hamsini na kitu. Nikupe yale niliyokosea mimi.

Niliwaambia waandike habari za mti wote. Mti wote hauandikiki. Wiki ya kwanza waliandika "mti ni mkubwa na una majani", na wiki ya pili, ya tatu, ya nne, vilevile. Mwaka uliofuata tulifunga kitambaa chekundu kwenye tawi moja dogo, urefu wa macho ya mtoto, tukahesabu majani yake. Mtoto akishajua kuwa yake ni majani 23, siku yakiwa 22 ni habari kubwa. Utamkuta anatafuta chini nani kafa.

Shina lipimwe kwa futi ya fundi cherehani, mita 1.3 kutoka ardhini. Ndivyo wapimavyo watu wa misitu. Tia alama ya rangi ili kila mara upime palepale, la sivyo mtoto atakwambia mti umekonda.

Siku ambayo hakuna kilichobadilika iandikwe pia, na tarehe. Na usisahihishe tahajia. Nakuomba. Ukianza kuzungusha kalamu nyekundu, daftari limegeuka kazi ya shule, na kazi ya shule wanayo ya kutosha.

Kuhusu mkungu, mwanao ameona sawa. Huo hupukutisha mara mbili kwa mwaka mara nyingi, na hauna habari na baridi. Kabla ya kuliachia jani, mti huivunja ile rangi ya kijani na kurudisha ndani chakula kilichomo, ndipo ule wekundu uonekane. Ni kama mtu anayehama nyumba, anafungua hata taa na pazia ndipo aache ufunguo.

GhorofaNyali, 10 Januari

Na sisi tusio na ua? Niko ghorofa ya tatu, uani kwangu ni kamba ya nguo na pipa la maji.

TichaLikoni, 10 Januari

Dirisha unalo?

GhorofaNyali, 10 Januari

Ninalo. Kuna mkakaya ng'ambo ya barabara, ule wa maua mekundu ambao watu huuita mkrismasi. Tunautazama kutoka juu, kama kunguru.

TichaLikoni, 10 Januari

Basi mwanao ana bahati. Wenzake wote wanaona matumbo ya matawi, yeye anaona kichwa.

NahodhaMstaafu, 11 Januari

Nimesoma nikacheka, kisha nikasikitika kidogo. Mwauliza mwaka wagawiwe vipi, na mwaka ulishagawiwa zamani na wazee wenu.

Sasa ni kaskazi. Pepo zatoka upande wa Malindi, jua kali, mvua hakuna. Mwezi wa tatu upepo hulegea, hauna mwenyewe, wakati huo twauita tanga mbili, maana jahazi yaweza kwenda huku na yaweza kwenda huku. Kisha kusi yaingia na mvua za masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa. Baadaye kipupwe, ubaridi wa Juni na Julai, bahari chafu. Halafu demani, kusi imepoa. Halafu vuli, mvua ndogo, na tanga mbili nyingine. Kisha kaskazi yarudi. Mwambie binti yako achore duara, si miraba minne.

Na kama wataka kujua waandike kila baada ya siku ngapi, babu yangu hakuhesabu wiki wala miezi. Alihesabu miongo. Mwongo ni siku kumi. Kuanzia Siku ya Mwaka, ndiyo Nairuzi, wahesabu kumi, ishirini, thalathini, hata mia tatu na sitini, kisha wabakiwa na siku tano za kufunga hesabu. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini apande na nahodha alijua lini atweke. Kule Makunduchi, Unguja, hata leo mwaka huo huingia Julai kwa ngoma na vishindo, Mwaka Kogwa. Siku kumi si nyingi mtoto akasahau, wala si chache akachoka.

MamaWawili, 11 Januari

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma jibu lako mara tatu, mara moja kwa sauti. Mkubwa ameshaanza kuchora duara kwa sahani ya wali.

NahodhaMstaafu, 11 Januari

Marahaba mwanangu. Sahani ioshwe kwanza.

Yakhe_Makadara, 12 Januari

Kurasa thelathini na sita na vibaki vitano. Mimi hapa umri wote nakaa Mombasa, mwongo naujua wa kwenye redio tu, "katika mwongo uliopita". Kumbe ni wetu wa jikoni.

KijanaMtandao, 15 Januari

Samahani wakubwa, mbona msipige picha tu? Simu inaweka tarehe yenyewe, hakuna kuloa, hakuna kupotea. Kuna na programu inakutajia mti wenyewe. Daftari ni kuwapa watoto adhabu.

TichaLikoni, 15 Januari

Adhabu ni kunakili ubao. Kuchora jani si adhabu.

KijanaMtandao, 15 Januari

Kwako wewe ticha.

MamaWawili, 3 Februari

Msigombane. Nilifanya yote mawili. Kwa picha, tumetia alama ya chaki ukutani, mdogo anasimama hapohapo kila mwongo na kupiga mara moja. Hilo la KijanaMtandao ni zuri na tutaendelea nalo. Lakini mkubwa amepiga jani la mkungu picha zaidi ya arobaini, na siku alipolichora kwa penseli ndipo akaniita: "Mama, hapa chini karibu na kikonyo kuna vidoto viwili." Nikatazama. Vipo. Tukageuza jani lingine, vipo. Kila jani. Nimeufagia mkungu huo miaka kumi na moja.

Habari mbaya ni za mdogo. Januari alipima mnazi, sentimita 88. Mwongo wa pili, 88. Jana, 88. Akakaa kibarazani akalia kweli kweli, ati mnazi wake umekufa na dada yake anamcheka. Nimwambie nini?

ShambaKwale, 3 Februari

Mwambie mnazi haunenepi. Mimi nimelelewa na minazi, nakupa ushahidi. Mwembe kila mwaka huongeza tabaka la mbao chini ya ganda, ndiyo maana ukiukata una duara ndani ya duara. Mnazi hauna hayo. Shina hutoka na unene wake, kisha mti unakwenda juu tu. Akipima miaka ishirini atapata 88 yake.

Badala yake mwonyeshe mambo mawili. Ule mstari unaozunguka shina ni kovu la kuti lililoanguka. Mnazi ukiwa na afya hutoa kuti moja kila mwezi au zaidi kidogo, kwa hiyo makovu kumi na mbili hadi kumi na nne ni kama mwaka. Ahesabu kutoka chini mpaka anapofika mkono wake, atajua mti ulikuwa na urefu wake yeye ulipokuwa na miaka mingapi.

La pili ndilo tamu zaidi. Kila kuti lina karara lake kwapani, na kila karara likipasuka linatoa upunga wake. Kwa hiyo mashada yamepangwa kwa umri, la juu changa, la chini kuu, kama kwamba kila moja limempita mwenzake mwezi mmoja. Akitazama kutoka juu kushuka ataona vidaka, kisha vitale, kisha madafu, kisha koroma, kisha nazi. Tangu upunga hadi nazi kavu ni kama miezi kumi na miwili. Alisema mnazi hauna msimu? Mnazi una miezi yote kumi na miwili juu ya kichwa kimoja.

Mkwezi akija, mpe kitambaa chekundu alifunge shada lililo changa kuliko yote. Mwaka kesho wakati kama huu mtaona.

MamaWawili, 8 Februari

Mkwezi amekuja. Alicheka, lakini alifunga. Mdogo amehesabu makovu mpaka usawa wa paji lake, akapata 31, akasema mnazi ulimaliza kuwa mfupi haraka kuliko yeye.

Daftari lake la muarobaini nawanakilia kama lilivyo, sijagusa kitu:

"Mwongo 1. Nimeonja jani. Chungu.
Mwongo 2. Nimeonja. Chungu.
Mwongo 3. Bado chungu. Kuna majani mengi chini ya njano."

Yakhe_Makadara, 8 Februari

Huyo ni mtafiti. Mwacheni.

BintiUnguja, 9 Februari

Muarobaini unakuja kutoka bara Hindi huko na umezoea jua, wakati wa kiangazi hupunguza majani. Mwambie asionje kila siku jamani, awe anachukua kijiti apigie mswaki.

MamaWawili, 22 Aprili

Nimenyamaza muda, shule na mengineyo. Lakini jana mkubwa amenifanya nirudi hapa mbio.

Unakumbuka, ticha, vile vitambaa vyekundu? Alivifunga kwenye tawi la mwembe akaacha ncha ndefu inaning'inia. Tangu Januari alikuwa akichora na ncha yenyewe, sikujua kwa nini, nilidhani ni urembo. Jana ameniwekea kurasa zote kwa mpangilio. Januari na Februari ncha inaelekea upande wa mjini. Machi mwishoni kuna kurasa mbili ambazo ameichora imelala chini, mfu. Sasa inaelekea upande wa Bamburi. Chini kaandika: "Kitambaa kimegeuka. Nafikiri ni tanga mbili ya mzee."

NahodhaMstaafu, 22 Aprili

Mwanangu, nimempa mke wangu simu asome mwenyewe, maana nilikuwa siwezi kusema. Mwambie binti: kusi imeingia, na aliyeiona kwanza mtaani kwenu ni yeye.

GhorofaNyali, 6 Mei

Naomba niandike hapa kwa sababu sijui pengine pa kuandika. Juma lililopita walikuja na msumeno wakaukata ule mkakaya ng'ambo ya barabara. Hatukuambiwa sababu, na sitaki kumtaja mtu. Kwa saa mbili haukuwepo tena.

Mwanangu alikuwa shuleni. Alirudi, akaenda dirishani kama kawaida, akasimama. Sikujua nimwambie nini. Baadaye nilifungua daftari lake: "Mti haupo. Kunguru wanne wamekaa kwenye waya. Naona duka ambalo sikuwa naliona." Kisha akachora duka.

Anataka kuendelea kuandika. Aandike nini sasa?

TichaLikoni, 6 Mei

Pole sana, mama. Pole kwake pia.

Kama kisiki kimebaki, mpeleke. Ahesabu zile duara za ndani, achukue alama ya penseli ya sura ya mkato kwa kuweka karatasi juu na kusugua. Na masika hii, kisiki cha mkakaya kinaweza kuchipua pembeni. Sikuahidi. Lakini atazame.

MamaWawili, 6 Mei

Mlete kwangu Jumamosi. Muarobaini una nafasi, mwenyewe keshachoka kuonja.

MamaWawili, 27 Mei

Masika imetuweza. Daftari la mdogo lilisahauliwa kibarazani usiku, asubuhi limevimba kama mahamri. Tumelianika juu ya kamba, kurasa zimeshikana, wino wa Februari umehamia Machi. Alinuna, kisha akaandika juu ya jalada: "Daftari limenyeshewa. Mwongo 14." Sasa tunatumia penseli tu na daftari linakaa ndani ya kopo la biskuti.

Kwa mvua hii mnazi umepata wapangaji. Ndege wa njano, wanana, makumi yao, wanachana makuti kama mtu anayechana ukili na kushona viota. Mdogo kwanza aliandika "Ndege wanaiba mnazi wangu." Siku iliyofuata alimwona dume mmoja ananing'inia kichwa chini anafunga fundo kwa mdomo, akabadilisha: "Wanaazima."

Na chini ya majani yaliyooza, majongoo. Mengi. Mimi siyapendi. Mkubwa amesema yana kazi, kazi gani hajui.

MkaziBamburi, 28 Mei

Kazi wanayo! Mpelekeni Haller Park hapa Bamburi akaione. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu, mweupe, jua likipiga hutazami. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti pale. Aina 26 za miche zilijaribiwa, zikapona tatu, na mvinje ndiyo iliyoshika kweli. Ikamea, ikaangusha vijani vyake kama sindano, lakini vilirundikana tu, havikuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo wakaletwa majongoo wekundu wa miguu. Wakavila, wakavitoa upande wa pili, udongo ukaanza. Leo kuna msitu na twiga.

Kwa hiyo jongoo lako la uani, mama, lifanyie heshima.

MamaWawili, 28 Mei

Nitalifanyia heshima kwa mbali.

MamaWawili, 19 Agosti

Mwembe umetoa maua! Mkubwa alikuwa akisubiri tangu alipoambiwa na nyanya yake kwamba mwembe baada ya ubaridi wa kipupwe hukumbuka. Kabla ya hapo ulichipua majani mapya, si ya kijani, ya rangi ya shaba, yamelegea kama nguo mbichi. Alidhani yanaugua. Aliandika "Majani mapya yamezaliwa yamechoka." Baada ya miongo miwili yakasimama yakawa kijani.

Maua ameamua kuyahesabu, shuke moja tu alilolifungia uzi. Aliketi juu ya ngazi akihesabu mpaka 400 akaitwa kula, alipomaliza wali akawa amesahau alipofikia. Akaanza upya. Mara ya tatu alikubali kuandika "zaidi ya 600".

Na alipokuwa juu ya ngazi akakutana na majimoto. Wameshona majani matatu pamoja kwa nyuzi nyeupe wakafanya nyumba, naye akaiegemea. Kilio kilifika kwa jirani. Baba yake alitaka kupuliza dawa, nikamzuia kwanza niulize hapa.

ShambaKwale, 19 Agosti

Usipulize. Majimoto ni askari wa bure. Wanawinda wadudu wanaoharibu maua na matunda, huko kwetu kwenye minazi na mikanju tunafurahi tukiwaona. Ngazi ihamishwe upande mwingine. Zile nyuzi hawatoi wakubwa, wanawashika watoto wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku kama gundi. Mwambie binti hilo, labda atasamehe.

MamaWawili, 20 Agosti

Hajasamehe. Lakini amechora jimoto ameshika mtoto, ukurasa mzima.

GhorofaNyali, 2 Septemba

Kisiki kimechipua. Vijani viwili upande wa duka. Mwanangu amenikataza kumwambia mtu mtaani, ila nyinyi si mtaani.

MamaWawili, 30 Oktoba

Hesabu ya shuke. Zaidi ya maua 600. Agosti mwishoni vijiembe kama punje za mtama, 41. Katikati ya Septemba, 17. Ikanyesha siku mbili, mengine yakawa meusi yakaanguka, 6. Leo 3. Mkubwa amekasirika, anauliza haya mengine yalikuwa na kosa gani.

ShambaKwale, 30 Oktoba

Tatu ni mengi! Mashuke mengine hayabakizi hata moja. Hata tawi halingebeba. Hayo matatu ni ngowe au boribo?

MamaWawili, 30 Oktoba

Boribo. Na baba yake ameshaweka oda ya moja.

TichaLikoni, 4 Novemba

Kabla mwaka haujaisha, wapelekeni bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni mjini, jioni wakaone mibuyu. Wakati huu majani yanaanza na maua yanatoka. Ua la mbuyu hufunguka jua likizama, unaweza kusimama ukaliona likijikunjua, jeupe, kubwa kama sahani ya chai. Popo wanakuja usiku kunywa, asubuhi ua limeanguka chini na linanuka.

Yakhe_Makadara, 4 Novemba

Ticha, watoto chini ya mbuyu wakati wa magharibi? Mamangu angekutafuta mpaka Likoni. Sisi tuliambiwa saa hiyo mbuyu una wenyewe.

TichaLikoni, 4 Novemba

Wenyewe ni popo.

MamaWawili, 16 Novemba

Tulikwenda sote, na mwenzetu wa Nyali na mwanawe. Nilisoma dua zangu kimya kimya, sitaficha. Tulichagua ua moja lililokuwa chini, tukasimama na mihogo ya kukaanga mikononi. Dakika kadhaa hakuna kitu. Kisha vile vifuniko vya nje vikapasuka, vikaanza kujipinda nyuma, na sisi wote tukawa hatutafuni. Mdogo akanong'ona, "Linafungua bila mtu." Popo mmoja alipita juu yetu, mwenzetu wa Nyali akapiga ukelele ambao kijana wake ameuandika daftarini, na saa.

Mkubwa amegundua jambo jingine huko njiani. Zile kungu zilizotafunwa ambazo kila asubuhi tunazikuta chini ya mnazi, mbali na mkungu, alikuwa akimlaumu mdogo. Sasa amemwomba msamaha kwa maandishi na kuandika "popo" kwenye kurasa zote za nyuma.

NahodhaMstaafu, 12 Januari

Mama Wawili, kaskazi imerudi. Duara limefunga?

MamaWawili, 14 Januari

Shikamoo mzee. Limefunga, lakini halikukutana vizuri. Mwaka jana mkungu ulikuwa mwekundu mwongo wa kwanza. Mwaka huu leo ndio kwanza majani mawili matatu yanageuka. Mkubwa ana wasiwasi amekosea kuhesabu. Mwembe ulikuwa 142, sasa 144. Mnazi 88, na mdogo ameiandika kwa fahari.

NahodhaMstaafu, 14 Januari

Hajakosea. Vuli hii ilichelewa kwisha. Mwambie aandike hivyohivyo, na duara la mwaka wa pili alichore nje ya lile la kwanza, si juu yake.

MamaWawili, 11 Februari

Mkwezi alikuja leo. Mdogo alimsubiri langoni tangu alfajiri. Kitambaa kilikuwa kimepauka kimebaki rangi ya chai, lakini kipo, kwenye shada la chini kabisa. Zilishuka nazi saba, kavu, ukizitikisa zinalia maji. Vingine vilidondoka vikiwa vidaka, anavyo kwenye kopo, 19.

Nilitaka moja ya wali wa mchana. Akakataa. Akasema hizo ni za kuandikwa, si za kukunwa. Tukabishana mpaka baba yake akaingilia. Mwisho akaruhusu moja, kwa sharti aketi yeye juu ya mbuzi aikune mwenyewe na kifuu asinyang'anywe.

Nimekiona hivi sasa kwenye dirisha lake. Ndani kaandika kwa penseli: "8 Februari mpaka 11 Februari. Tamu."

Yakhe_Makadara, 11 Februari

Na muarobaini?

MamaWawili, 11 Februari

Chungu.